Baada ya futingi, Simba au hapana?

Msimamizi wa kundi, Kenya (Lubumbashi)

Wandugu, jambo hili limetokea kwenye kundi letu la futingi, yaani mbio za mazoezi, lakini najua makundi mengine ya mji huu yana ugomvi uleule, ndiyo maana naleta mbele ya wote.

Tunakimbia kila Jumapili asubuhi. Tunatokea hapa mtaani kwetu Kenya, tunapita mtaa wa Kamalondo kwenye uwanja wa Mazembe, tunazunguka na kurudi, kilomita 5 hivi. Wengi walijiunga ili wapunguze kilo. Wengine waliambiwa na daktari, wengine na suruali. Tukimaliza, viti vya nganda, yaani baa, viko palepale tunaposimama. Jasho halijakauka, meza imejaa bia ya Simba na mtu ameshaagiza michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma. Sasa mwenzetu mmoja ametoa pendekezo: anayekunywa siku ya futingi alipe faini. Nusu ya watu wanamuunga mkono. Nusu wanamwambia akitaka kanisa aende kanisani.

Mimi faini naikataa, hesabu siikatai. Pombe yenyewe ina kalori 7 kwa gramu. Sukari na unga zina 4, mafuta yana 9. Bia ya asilimia 5 kwenye chupa zetu kubwa, za sentilita 70 na kitu, ina gramu 28 hivi za pombe. Ongeza kilichobaki cha nafaka, unafika karibu kalori 300. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita 5 anachoma kama 400. Kwa hiyo chupa ya kwanza imekula robo tatu ya mbio zake, na ya pili imemwingiza kwenye deni. Hapo michopo bado iko motoni.

Ila kumwambia mtu mzima wa Lubumbashi aache kabisa ni kumfukuza kwenye kundi. Shida yetu ni kipimo. Miongozo ya Ulaya na Amerika inapoongelea glasi moja au mbili, glasi hiyo ina gramu 8, 10 au 14 za pombe, kila nchi na yake. Chupa yetu moja ni glasi mbili za Marekani, au tatu na nusu za Uingereza. Mtu anajisifu “nakunywa mbili tu, kwa kiasi”, wakati kule wangemwandikia nne au saba. Pendekezo langu: siku ya futingi, chupa moja kwa watu wawili, basi. Anayepinga aseme kwa nini.

Fundi magari, Ruashi

Yaya, weye unapiga hesabu sana. Mie minakimbia juu ile Simba ya nyuma inakuwa tamu. Mukiitosha, Jumapili minalala.

Muuguzi, Katuba

Yaya msimamizi, heshima kwako, lakini umehesabu kalori za chupa tu ukaacha kinachofanyika ndani ya mwili.

Mwili hauna ghala la pombe. Mafuta unayahifadhi tumboni, sukari unaihifadhi kwenye ini na misuli, pombe hauna pa kuiweka. Lazima iunguzwe kwanza, na ini linaiondoa polepole, gramu 7 hadi 10 kwa saa. Chupa moja kubwa ni kazi ya saa 3 au 4. Muda wote huo mafuta yanasubiri. Watafiti wa Uswisi walipima jambo hili mwaka 1992: watu waliopewa pombe walichoma mafuta pungufu kwa karibu theluthi moja. Sasa hayo mafuta ya michopo, ya mbuzi mwenye ngozi yake, yaliyoingia wakati huohuo, yanaenda wapi? Utayakuta kwenye mkanda.

La pili ni njaa. Kila mtu hapa anajua kwamba ukinywa, unakula. Hakuna anayeagiza letisi kwenye nganda. Nimewaona nyinyi wenyewe: sahani ya kwanza ni ya “kuonja”, ya tatu hakuna anayekumbuka aliyeiita. Halafu mtu anafika nyumbani saa saba mchana na bukari (ugali) ya mke wake inamngoja, na hawezi kuikataa bila maneno.

Tena mwaka 2023 OMS, Shirika la Afya Duniani, ilisema wazi kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na hatari kwa afya, na kansa ni sababu mojawapo kubwa. Pombe imo kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa tangu 1988. Kwa hiyo mimi niko upande wa faini. Si milele: mpaka mtu afikie uzito aliojiandikia. Kuacha kabisa ni rahisi kuliko kupima, kwa sababu glasi ya kwanza ndiyo inayoharibu kipimo cha ya pili.

Mwalimu wa sekondari, Bel-Air

Dada muuguzi, huo utafiti wa Uswisi ni wa kweli, ila umalizie habari yake. Wale watu walipewa pombe iliyofikia robo ya kalori zao zote za siku. Geuza kwa chupa zetu: ni zaidi ya chupa tatu kubwa kila siku. Kwa mtu huyo sibishi, ana kitambi au kinakuja. Lakini ukichukua matokeo ya chupa tatu kwa siku ukamhukumu nayo mtu wa chupa moja Jumapili, umemwonea.

Tafiti zinazofuata watu kwa miaka mingi, kwa jumla zinatoa picha ya namna hii: wanaokunywa kidogo hawaonekani kunenepa kuliko wasiokunywa, na wanaokunywa nyingi kwa mara moja ndio wanaozidi. Namna ya kunywa inahesabika kama wingi wake. Chupa sita Jumamosi usiku si sawa na moja moja kwa siku sita, hata jumla ikilingana.

Kuhusu hatari ya kansa, hapo sina neno, OMS imesema kweli. Lakini hilo ni swali jingine. Sisi tumeulizwa juu ya kilo. Tukichanganya maswali, atakayekuja kuuliza jinsi ya kupunguza kilo 6 tutamrudisha na hotuba ya kansa, naye ataenda kunywa kwa uoga.

Tena Wakanada wametusaidia bila kujua. Mwongozo wao wa 2023 unasema hatari inakuwa ndogo mtu asipopita glasi mbili kwa wiki. Zipige kwa gramu: glasi zao mbili ni chupa yetu moja kubwa. Uingereza tangu 2016 wanasema wasipite uniti 14 kwa wiki, yaani zile glasi zao za gramu 8, ambazo kwetu ni chupa nne hivi. Basi tuwe wakweli, chagueni: moja au nne. Nusu chupa ya msimamizi kila Jumapili inakaa chini ya zote mbili.

Fundi magari, Ruashi

Mwalimu minakupenda. Tuchukue ya Uingereza.

Muuguzi, Katuba

Papa fundi, nne kwa wiki, si nne kabla ya saa sita.

Mama wa duka, Kampemba

Ninawasoma hapa wanaume na hesabu zenu za Simba, nacheka. Mimi niko kwenye kundi hilo hilo, sinywi pombe tangu nizaliwe, na mizani inapanda. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kwenye meza ileile ya nganda, sisi wanawake tunaletewa sukre, soda hizi za sukari. Chupa ya sentilita 30 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, vijiko vidogo kama nane. Ni kalori 125 na kitu. Sentilita kwa sentilita, tofauti na bia si kubwa. Tena anayekunywa bia anaona aibu akifika ya tatu, anayekunywa sukre haoni aibu hata ya nne, maana ni “kinywaji cha mtu wa Mungu”. Nauza hizo chupa mwenyewe, najua zinatoka ngapi siku ya Jumapili baada ya misa. Na munkoyo msinitajie kama dawa: ya shambani ilikuwa nafaka na mizizi, ya mjini siku hizi inamiminiwa sukari mpaka ishike midomo.

Kwa hiyo mkiweka faini ya Simba peke yake, mmeweka sheria ya dini, si sheria ya kilo. Mlevi atalipa, mimi nitakaa na chupa zangu za rangi nikinenepa kwa amani.

Na bukari? Gramu 100 za unga wa mahindi ni kalori 360 hivi, zaidi ya chupa yenu kubwa. Nani hapa anapima bukari? Mume wangu akipewa donge dogo anauliza kama kuna kilio.

Mwanafunzi, Golf

Samahani wakubwa. Wenzangu chuoni wanasema anayepunguza uzito aache bia anywe wiski, kwa sababu haina sukari. Wengine wanasema hata lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, ni sawa. Ni kweli?

Mwalimu wa sekondari, Bel-Air

Mdogo wangu, sukari haina, pombe inayo, na pombe ndiyo yenye kalori 7. Kipimo cha sentilita 4 cha wiski ya asilimia 40 ni karibu kalori 90. Ni pungufu ya bia ukinywa kimoja tu bila kuchanganya na sukre. Wewe unamjua nani anayekunywa hivyo?

Muuguzi, Katuba

Na lutuku iondoe kabisa kwenye orodha. Haina lebo, hujui ni asilimia ngapi, leo ni hivi na kesho ni vile kulingana na aliyeipika. Ikipikwa vibaya inaweza kubeba methanoli, na hiyo inapofusha macho na kuua. Usiilinganishe na chochote.

Msomaji asiyetaka jina, Lubumbashi

Mimi nina kisukari na natumia vidonge. Nilijiunga na futingi kwa ushauri wa daktari. Nusu chupa ya msimamizi inanihusu?

Muuguzi, Katuba

Papa, kwako usisikilize mjadala huu, hata mimi usinisikilize. Pombe inalizuia ini kutoa sukari, na wewe umetoka kukimbia, pengine bila kula. Kuna vidonge vya kisukari ambavyo vikikutana na hali hiyo sukari inashuka ghafla, mtu anaanguka, na wenzake wanadhani amelewa. Insulini ni vilevile. Muulize daktari aliyekuandikia, mpelekee na jina la dawa. Mpaka akujibu, kunywa maji, na mjulishe msimamizi hali yako ili siku ukitetemeka asiseme ni Simba.

Msimamizi wa kundi, Kenya

Hilo la papa nimelichukua, na kuanzia Jumapili hii nitabeba maji na ndizi kwa kila mtu kabla ya lolote.

Kwa mengine, dada muuguzi amenigusa kwenye michopo kuliko kwenye faini. Nafikiri tukihama tu, tukamalizia mbio mbali na nganda, tumeshapunguza nusu ya ugomvi. Anayetaka chupa atatembea kuifuata, aifuate akiwa ameshakula ku nyumba. Faini bado siitaki. Pesa ya faini watainywea, nawajua.

Na chupa moja kwa wawili inabaki, hasa mwezi huu wa Oktoba. Joto la sasa linamdanganya mtu kwamba ana kiu ya bia wakati ana kiu ya maji. Anywe maji kwanza, glasi mbili nzima, halafu ndipo tuone kama bado anaitaka.

Fundi magari, Ruashi

Na siku Mazembe inacheza?

Mwalimu wa sekondari, Bel-Air

Siku hiyo ni yako na mizani yako, papa. Usipime Jumatatu tu.

Mama wa duka, Kampemba

Msimamizi, umejibu wote isipokuwa mimi. Andika sheria yako tena: chupa moja ya Simba kwa wawili, na sukre moja kwa wawili. Ikiandikwa hivyo naisaini mimi wa kwanza na nitaitetea dukani kwangu, ingawa itanipunguzia mauzo. Ikitaja Simba peke yake, jina langu mlitoe.