Napenda uchumi ila shuleni unaanza kidato cha tano, nianzie wapi sasa hivi?

binti_ruvuma:
Shikamooni wakubwa. Niko kidato cha tatu huku Songea, nachukua masomo ya biashara. Kilichonifanya nipende uchumi ni mahindi. Mwezi wa saba watu wanauza debe kwa bei ya kutupa halafu hao hao mwezi wa pili wanarudi sokoni kununua kwa bei ya juu, nikamuuliza mwalimu kwanini wasiweke tu ndani wakasubiri, akaniambia hayo utayakuta advansi. Sasa mimi sitaki kusubiri hadi advansi. Nifanye nini kuanzia sasa? Kompyuta sina, simu ni ya mama na bando ni la kubana. Halafu hesabu zangu ni za C, je nikienda HGE (Historia, Jiografia, Uchumi) badala ya EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) nitakuwa nimejiharibia? Naombeni ushauri.

mzee_wa_ghala:
Marahaba mwanangu. Mimi nanunua mahindi huko kwenu nashusha Dar, kwa hiyo nikujibu la mahindi kwanza. Mkulima hauzi mwezi wa saba kwa kutojua kwamba bei itapanda, anajua kuliko wewe na mimi. Ana deni la mbolea, ana ada ya mtoto, na akiweka ndani anaingia dumuzi, yule mdudu wa mahindi, ukifungua gunia baada ya miezi mitatu unakuta unga unga na punje zimetobolewa. Mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, inasaidia kwenye dumuzi lakini hailipi deni. Hiyo bei ya mwezi wa pili ndani yake kuna malipo ya aliyeweza kusubiri, aliyekuwa na ghala, dawa na hela ya kula wakati anasubiri. Kaulize nyumba kama kumi hapo mtaani kila mmoja aliuza lini na kwanini, utapata majibu ambayo hata sisi wafanyabiashara yatatusaidia.

La pili chukua daftari, kila siku ya gulio andika bei ya vitu vichache tu, mahindi, maharage, nyanya, mafuta ya kula, sabuni. Ila ANDIKA KIPIMO. Debe la kufuta juu (limesawazishwa) na debe la kichuguu (limejazwa mpaka likarundikana) si kitu kimoja, sado ya nyanya ya huku na ya kule hazilingani ujazo, na gunia la lumbesa ndio kabisa, bei utaona imebaki ile ile kumbe mkulima kaongezewa debe zima juu bila kulipwa. Ukiweza pima kwenye mzani uandike kwa kilo. Bila kipimo hiyo bei haina maana yoyote.

mwl_kapesa:
Mzee wa ghala umesema la maana sana, mimi nafundisha uchumi advansi na wanafunzi wanakuja wanakariri elasticity (kiasi ambacho ununuzi hubadilika bei ikibadilika) ila ukimuuliza kwanini nauli ilipanda anabaki anakuangalia.

Binti, hilo daftari likishakuwa na miezi kadhaa lilinganishe na takwimu za NBS, yaani Ofisi ya Taifa ya Takwimu, wanatoa mfumuko wa bei kila mwezi, ni pdf ndogo haimalizi bando la mama. Utashangaa, maharage sokoni yamepanda sana na wao wanasema mfumuko ni karibu asilimia 3. Usikimbilie kusema wanadanganya. Kwenye kapu lao, yaani orodha ya vitu wanavyopima bei, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2, vilivyobaki ni nauli, kodi ya nyumba, nguo, matibabu na mengineyo, sasa familia ambayo hela karibu yote inaishia kwenye chakula itauhisi mfumuko tofauti kabisa. Kapige hesabu matumizi ya nyumbani kwenu mwezi mmoja uone chakula ni asilimia ngapi. Hapo umeshafanya kazi ya mchumi.

Pia fuatilia riba ya Benki Kuu, ile inayoongoza riba za benki nyingine. Walianza kuitumia Januari 2024 kwa asilimia 5.5, Aprili wakapandisha hadi 6, Julai 2025 wakashusha hadi 5.75. Kila wakikutana wanatoa taarifa na sababu, soma zile sababu. Na mwezi wa sita sikiliza hotuba ya bajeti redioni, ni bure.

Kombi: HGE hujajiharibia, utasoma BAM (hesabu za msingi za advansi) na chuo utaingia.

ud_econ:
Mwalimu hapo kwenye HGE naomba nitofautiane kidogo kwa heshima. Kuingia ataingia ndio, ila nipo chuo nasomea uchumi na nawaona waliotoka HGE wanavyoteseka na calculus (hesabu za mabadiliko) mwaka wa kwanza, wengine walikuwa wakali kweli kwenye kueleza mambo. Dogo una C na bado una muda mpaka kidato cha nne, ipandishe. Grafu, asilimia, milinganyo, takwimu, hizo mada ndio uchumi wenyewe. Ukipata B nenda EGM.

Vya kusoma: tovuti ya Khan Academy ina micro (uchumi wa mtu na soko moja moja) na macro (uchumi wa nchi nzima) bure kabisa, na kuna kitabu cha CORE Econ, kinaitwa The Economy, bure mtandaoni. Vyote Kiingereza, kwa hiyo soma na kamusi pembeni taratibu tu. Halafu tafuta habari za utafiti wa dawa za minyoo wa Busia, Kenya, wa wachumi Michael Kremer na Edward Miguel. Shule 75, wakaanza na kundi moja la shule, makundi mengine yakafuata baadae, wakakuta utoro umepungua kama robo hivi, na hata watoto ambao hawakumeza dawa walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Kremer alikuja kupata Nobel 2019 pamoja na Banerjee na Duflo. Mimi huo ndio ulinifanya nione uchumi sio benki na hela tu.

binti_ruvuma:
Asanteni sana jamani, daftari naanza gulio lijalo. Hesabu nimeelewa, nitajitahidi. Swali moja, niulize bei kwa muuzaji mmoja kila mara au wengi? Maana wakiona sinunui wengine wanakasirika.

mzee_wa_ghala:
Chagua watatu, uwarudie hao hao kila gulio, uandike bei zote tatu usichanganye. Nenda jioni wakiwa wanafunga, asubuhi hawana muda na wewe. Na waambie ukweli kwamba ni kazi ya shule, watakupa mpaka bei waliyonunulia.

mwl_kapesa:
Hiyo ya kununulia usiiache, iwekee safu yake kwenye daftari.