Kaimu, naibu ama makamu? Barua ya benki yaningoja, naomba ushauri

katibu_wa_Majengo:
Salam alaikum wakubwa kwa wadogo. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Majengo, mwenyekiti amesafiri Muscat kwa mwanawe atakaa kama miezi mitatu, makamu wake naye yuko kitandani mgonjwa, basi kamati ikakaa ikamteua mzee mmoja ashikilie kiti mpaka mwenyewe arudi. Sasa benki wanataka barua kesho asubuhi tubadilishe sahihi. Mweka hazina ataka niandike "naibu mwenyekiti", mwengine asema "makamu", na mzee mwenyewe asema yeye si naibu wa mtu, niandike "mwenyekiti" kavu. Niandike nini na haya maneno yana tofauti gani hasa?

Pweza_Mkavu:
Kaimu. Kwisha maneno.

katibu_wa_Majengo:
@Pweza_Mkavu shukran lakini huyu mzee ukimwambia neno bila sababu halali kwake halikai, nipe maelezo ya kumtuliza.

mwalimu_mstaafu:
Mwanangu, hebu nikueleze, na umsomee mzee pole pole. Haya yote ni ya Kiarabu. Kaimu ni "qaim", aliyesimama, na makamu ni "maqam", pale mahali pa kusimama, kama tunavyosema Makamu Ibrahim kule Makka. Mzizi ni mmoja, ndio huo huo wa kukimu swala. Wenyewe waliyaunganisha wakasema "qaim maqam", yaani asimamaye mahali pa fulani, na mpaka leo Uturuki mkuu wa wilaya aitwa kaymakam. Sisi Waswahili tukayakata mapande mawili, pande moja tukalipa kazi ya muda na jengine tukalifanya cheo. Naibu naye ana ukoo wake, ni ndugu wa "niaba", ile ya "kwa niaba ya", kwa hivyo naibu ni mtu wa chini anayefanya kazi za mkubwa wake na mkubwa yupo. Kaimu kiti kiko wazi, amekalia yeye, na mamlaka ni yale yale ya kiti ila yana mwisho. Mwambie mzee kaimu si mdogo wa mtu. Hata Wazungu walifikiria hivyo hivyo, luteni ukiifuata mpaka Ufaransa ni "mshika mahali".

TangaRaha:
Huku kwetu Tanzania tunasema Makamu wa Rais mpaka leo, na Zanzibar wako wawili, wa Kwanza na wa Pili. Nyie Kenya mlikuwa naye mkambadilisha.

karani_mchovu:
@TangaRaha kweli, katiba ya 2010 ndo ilileta Naibu wa Rais badala ya Makamu, jina tu watu wakazoea. Lakini katibu, usisahau hili, kwa kawaida naibu ndiye anayekaimu, hata kaunti katiba yasema gavana asipokuwepo naibu wake ndiye anayekaimu. Nyie mmeruka makamu mkachukua mtu pembeni, sasa katiba ya chama chenu yaruhusu? Angalia kwanza, maana benki hawatababaishwa na neno, watataka muhtasari wa kikao uliotiwa sahihi uonyeshe nani kateuliwa na kuanzia lini mpaka lini. Serikalini sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 yasema kukaimu kusipungue siku 30 na kusizidi miezi sita. Haiwahusu nyie lakini andikeni tarehe ya mwisho, tafadhali.

mama_viazi_karai:
Andikeni tarehe walai 😂 Ukoo wa Mazrui waliletwa hapa Mombasa wawe maliwali, yaani magavana, wa Imamu wa Oman, kumshikia tu, ukoo wa huyo Imamu ulipoanguka wakaja watawala wengine, Busaidi, Mazrui wakasema hatuwajui, wakakaa na Ngome yao mpaka Seyyid Said, wa hao Busaidi, akaichukua 1837. Na hao walikuwa wateule wa kushikilia! Mzee wako akizoea kiti mtamtoa na nini?

Pweza_Mkavu:
@mama_viazi_karai hapo umenimaliza.

mwalimu_mstaafu:
Na liwali pia ni hiyo hiyo "al-wali", tumeimeza pamoja na "al" yake.

katibu_wa_Majengo:
Shukran jamani. Katiba yetu yasema makamu akishindwa kamati yaweza kuteua mwanachama yeyote, kwa hivyo tuko sawa. Nimeandika "Kaimu Mwenyekiti" na tarehe zote mbili, muhtasari nimeubandika nyuma. Mzee nimemsomea ile ya qaim maqam akafurahi kweli, sasa ataka muhuri wake wenye hilo neno kaimu. Muhuri wa kuchonga pale mjini wafanya pesa ngapi siku hizi?

karani_mchovu:
Miezi mitatu tu hiyo, mwambie atumie wa chama.

mama_viazi_karai:
Mazrui walianza hivyo hivyo 😂😂