Nyumba ya Mikocheni, ghala la Chang'ombe au ghorofa ya Kariakoo: ipi itafaa ofisi ya pamoja ya wabunifu?

Rangi_Tatu (mleta mada)
Wakuu, habari za mchana. Tuko watatu: mimi nachora nembo na vifungashio, mwenzangu ni mpiga picha, na kuna dada anashona nguo za kike. Tumechoka kufanyia kazi sebuleni, watoto wanapita na maji ya ugali. Tunataka kufungua sehemu hapa Dar, sisi tukae na wabunifu wengine walipie meza kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Madalali wametuzungusha wiki tatu, tumebaki na hizi:

1. Nyumba ya zamani Mikocheni, vyumba vinne, uani kuna mwembe. Milioni 2.4 kwa mwezi, miezi sita mbele.
2. Ghala Chang'ombe, kama mita za mraba 220, juu bati tupu, chini zege. Milioni 1.7, mwaka mzima mbele.
3. Ghorofa ya nne Kariakoo, mita 130, vioo vikubwa, lifti ipo (siku ikiamka vizuri). Milioni 2, miezi mitatu mitatu.

Sitawaficha, moyo wangu uko ghalani. Nimeshachora mpaka ukuta: rangi ya chungwa kuanzia chini hadi juu, jina jeupe katikati, meza zote za chungwa. Mnaonaje? Na jina je, Kiswahili au Kizungu?

Dada_Cherehani
Huo ukuta wa chungwa ndio ulionitoa mafichoni. Mwaka juzi nilipanga meza sehemu iliyopakwa njano kali, kuta tatu. Nikapiga picha za magauni meupe ya bibi harusi, nikamtumia mteja. Akanijibu, "Mbona umenishonea rangi ya siagi?" Kitambaa kilikuwa cheupe kama theluji, ukuta ndio uliokirudishia njano. Nilibeba gauni mpaka kwake Tabata aone kwa macho.

Mkishaweka chungwa, huyo mpiga picha wenu atakuwa anasahihisha ngozi za watu mpaka usiku, na wewe mwenyewe utachagua rangi za vifungashio kwa macho yaliyodanganywa. Panapofanyiwa kazi weka nyeupe isiyong'aa, au kijivu chepesi. Chungwa lako lipeleke mlangoni, chooni, jikoni, kwenye vikombe.

Kusi
Naunga mkono, na taa usisahau. Balbu za bei chee zinaua rangi nyekundu. Tafuta zilizoandikwa CRI (kipimo cha taa kuonyesha rangi kama zilivyo) 90 kwenda juu, na kwenye meza ya kukagulia rangi weka za kelvini 5000, mwanga mweupe kama wa mchana. Zilizobaki ziwe za kawaida, pesa haiokotwi.

Swali kwa mleta mada: vioo vya Kariakoo vinatazama wapi?

Rangi_Tatu
Vinatazama Jangwani huko. Magharibi. Tulikwenda saa tatu asubuhi, palikuwa pazuri sana.

Kusi
Dalali wako mjanja, kakupeleka saa tatu. Rudi saa kumi jioni ukae nusu saa. Sisi huku jua linakaa karibu na utosi mwaka mzima, hivyo dirisha la kaskazini au kusini unalifunika kwa kibaraza kidogo tu. La magharibi huliwezi, jua linaingia likiwa chini, linafika mpaka kwenye kioo cha kompyuta. Utafunga mapazia, utawasha taa mchana, kiyoyozi kitakunywa umeme wa LUKU kama ngamia. Na upepo wa baharini uko upande wa pili wa jengo.

Mzee wa Keko
Mimi ni seremala, naongelea meza. Vijana wengi huja na picha ya simu: meza moja ndefu ya mninga, viti kumi na mbili. Inapendeza. Ila ukitaka kuisogeza unaita watu sita. Halafu mnasema ofisi ya kubadilika!

Tengenezeni meza ndogo za sentimita 120 kwa 60, plaiwudi nzito juu, miguu ya chuma, magurudumu mawili tu upande mmoja. Unainua upande mwingine unaisukuma kama mkokoteni. Magurudumu manne hutembeatembea mtu akichora. Mbili zikiunganishwa kwa urefu mnapata meza ya mkutano. Ya fundi nguo iwe peke yake, juu kama sentimita 90, maana anakata akiwa amesimama. Mkimpa ya kawaida mgongo wake utawalaani.

Rangi_Tatu
Shikamoo Mzee. Hilo la magurudumu mawili nimelichukua kama lilivyo.

Mzee wa Keko
Marahaba. Chukua, halina hataza.

NgongRoad_254
Nasalimia kutoka Nairobi. Kuhusu ghala, msimkatishe tamaa ndugu yetu. The GoDown Arts Centre ilianza 2003 kwenye ghala pale Dunga Road, na jina lenyewe likatoka kwenye jengo, maana godown ni ghala kwa Kizungu. Hawakuhitaji mshauri wa chapa. Hapo kwenu Nafasi Art Space wamegeuza makontena kuwa studio, tena Mikocheni hukohuko. Jengo gumu lina sura yake, watu hulikumbuka.

Lakini tofautisheni kazi. Mchongaji na mchoraji wa turubai wanalipenda ghala kwa sababu wanapiga nyundo na kumwaga rangi. Je, wateja wenu ni hao, ama ni watu wa laptopu na simu za wateja?

Pia angalieni mkataba kabla ya rangi. WeWork, kampuni ya Marekani ya kukodisha ofisi za pamoja, iliomba kinga ya kufilisika huko kwao Novemba 2023, na kidonda chake kikubwa kilikuwa hicho: majengo imepanga kwa miaka mingi, wateja wengi wanaweza kuondoka baada ya muda mfupi. Wewe utalipa ghala mwaka mzima mbele, na wateja wako watakulipa kwa siku. Chukua kalamu. Meza 18, umejaza 10, kila moja 200,000. Ni milioni 2. Hapo hata kodi ya Mikocheni haijatimia, bado umeme, intaneti ya faiba, mlinzi na karatasi za chooni.

Kusi
Sasa wote mmeisha kwenye hesabu, na masika je? Bati tupu, mvua ya Aprili. Anayezungumza na mteja kwa simu ataomba radhi saa nzima. Wa podikasti ndiyo wasije kabisa. Na hata kiangazi, piga kofi moja katikati ya ghala usikilize linavyokurudia. Bati juu, zege chini, kuta tupu: cherehani moja itasikika kama tatu. Dari na zulia la mita 220 vitakula hiyo tofauti ya kodi unayoifurahia.

Forodhani
Mie nipo Mji Mkongwe, nakutazameni tu mnavyohangaika na kiyoyozi. Nyumba za huku zina ukuta wa mawe mnene, ua katikati, na baraza nje. Mgeni hupokelewa barazani, haingii ndani mpaka aitwe. Ofisi ya pamoja inataka vivyo hivyo. Wateja wa watu wasipite katikati ya meza wakiuliza "fulani yupo?" Hiyo nyumba ya Mikocheni ina kibaraza mbele na ua nyuma, sivyo? Basi mna pa kupokelea, pa kufanyia kazi, na pa kupigia soga. Kwenye nambari mbili na tatu mtavijenga hivyo kwa pesa, na havitokuwa baraza, vitakuwa viambaza vya jipsamu.

NgongRoad_254
Nyumba lakini ina shida yake: vyumba vinne ni makundi manne. Baada ya miezi miwili utakuta chumba cha wapiga picha, chumba cha mafundi, na hakuna anayemjua jirani. Ghala linawachanganya watu.

Dada_Cherehani
Kwani kuchanganywa nani kasema tunataka muda wote? Mimi cherehani inapiga kelele, nahitaji mlango. Tutachanganyikana kwenye chai.

Rangi_Tatu
Nasoma kila neno. Na jina? Mwenzangu anataka liishe na "Hub".

NgongRoad_254
Aki, hapana. Tangu iHub, kituo cha watu wa teknolojia, ifunguke Ngong Road hapa Nairobi 2010, majina ya namna hiyo yamejaa mpaka mtu hujui umealikwa wapi. Hata Buni Hub ya pale COSTECH, Tume yenu ya Sayansi na Teknolojia, uzuri wake uko kwenye hilo Buni: neno moja la Kiswahili, fupi, na linakuambia la kufanya. Fuateni njia hiyo.

Kusi
Mkishalipata liangalieni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na mjue kwamba kusajili jina la biashara hakuilindi nembo. Nembo ni ombi lake peke yake, alama ya biashara au huduma. Inalindwa miaka 7 ya kwanza, halafu unahuisha kwa miaka 10 kumi. Na ni bara tu, Zanzibar wana msajili wao.

Jingine: mkipata mwenye nyumba anayetaja dola, kanuni za 2025 zimekataza kutoza kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Mwambieni kwa adabu.

Forodhani
Na msingoje kila kitu kikamilike. Huyo Mmarekani Brad Neuberg, aliyeanzisha mtindo huu San Francisco mwaka 2005, alikuwa na ukumbi siku mbili tu kwa wiki, na mwezi wa kwanza hakuja mtu. Jaribuni siku mbili tatu kwanza, pahala pa mtu, mwone nani atakuja.

Rangi_Tatu
Wakuu, mrejesho baada ya siku kumi na moja.

Kariakoo tulirudi saa kumi jioni. Mwenzangu alikaa dakika ishirini, shati likamganda mgongoni, tukashuka kwa ngazi maana lifti siku hiyo haikuamka vizuri. Ghalani nilipiga kofi. Lilirudi, nikaona aibu kama nimemwita mtu. Bado nalipenda, ila tumelipigia hesabu ya dari, na nimekubali kushindwa.

Tumechukua Mikocheni. Mwenyewe amekubali miezi minne mbele, baada ya sisi kuahidi kupaka rangi kwa gharama zetu. Nyeupe isiyong'aa vyumba vyote, na chungwa limebaki kwenye geti na jikoni. Chumba cha nyuma chenye mlango ni cha cherehani. Sebule tumevunja kabati la ukutani, sasa inaingia meza nane za Mzee. Chumba cha picha tutakikodisha kwa saa, hicho ndicho kitakacholipa faiba.

Jina tulitaka Mwembeni.

Kusi
Mwembeni ipi? Mteja akiuliza bodaboda atashushwa Mwembe Yanga, akipotea zaidi Mwembechai.

Forodhani
Akivuka bahari ndiyo basi, huku kila mtaa una mwembe wake.

Dada_Cherehani
Jina mtapata. Mimi nauliza huo mwembe unazaa? Maana Desemba ikifika nataka kujua kamba ya kuanikia vitambaa nitaifunga wapi.