"Hamisha dy huku, dx kule": nimekatwa alama kwa kufuata nilichofundishwa

Wakuu, leo nina hasira, nivumilieni.

Mwanzoni mwa somo la kalkulasi mwalimu alituonya kwa ukali kabisa: dy/dx (mteremko wa y kadiri x inavyobadilika) si sehemu, ni alama moja, msiikate katikati. Wiki mbili hazijaisha, mtu yuleyule anaandika dy/dx = y², anazidisha kwa dx, anagawanya kwa y², eti "tumetenganisha vigeu", y zote upande mmoja, x zote upande wa pili. Nikauliza, leo imekuwaje sehemu? Nikajibiwa: "Wewe fanya tu, jibu linatoka."

Haya, kwenye jaribio nikafanya tu. Nikaintegreti (kinyume cha kutafuta mteremko), nikapata −1/y = x + C, C ikiwa namba yoyote isiyobadilika, kwa hiyo y = −1/(x + C). Nikakatwa alama kwa kutoandika y = 0! Na kweli ni suluhisho: mteremko wake ni sifuri, y² yake ni sifuri, pande zinalingana. Weka C yoyote uitakayo, hiyo y = 0 huipati ng'o. Ilipotea pale tulipogawanya kwa y², kwa sababu kwa sifuri hakugawanywi, jambo la shule ya msingi hilo. Sasa mbona mifano yote ubaoni ilipapita kimya kimya?

Kinachoniuma zaidi, ile hila ina maelezo na wala si marefu. Unagawanya kwa y² (ukishaiweka y = 0 pembeni), unabaki na (1/y²)(dy/dx) = 1, kisha unaintegreti pande zote kwa x. Kanuni ya mnyororo (ile ya mteremko wa kitu kilicho ndani ya kingine) inaugeuza upande wa kushoto kuwa integrali ya 1/y² kwa y. Basi. Hakuna dx iliyovuka alama ya usawa. Leibniz wa watu, aliyebuni alama hizi, hana kosa, kosa ni la aliyeruka hatua.

Ya C ndiyo msiniulize. Mwenzangu kwenye dy/dx = xy aliitundika mwishoni, y = e^(x²/2) + C. Tafuta mteremko wake uone kama unalingana na xy! C inaingia palepale unapointegreti, ukiondoa logi inageuka kizidisho: y = Ae^(x²/2). Hapo angalau A = 0 inairudisha y = 0, ingawa A hiyo imetoka kwenye ±e^C, ambayo haiwi sifuri kamwe, kwa hiyo hata hiyo unaichomeka kwa mkono.

Halafu jana tumepewa dy/dx = x + y, "tenganisheni". Darasa zima nusu saa linahamisha herufi. Hiyo ni jumla jamani, si x na y zinazozidishana ili uzigawanye pande mbili! Anayebisha anitenganishie hapa chini.