Pikipiki ya marehemu babu: ni Triumph kweli? Mnunuzi wa vyuma chakavu yuko mlangoni

Mjukuu wa Karani
Wakuu, habari za jioni. Niko Muheza, arobaini ya babu imepita juzi na sasa ndugu wanagawana vilivyobaki. Kwenye banda la mbuzi tumekuta pikipiki kubwa, nzito ajabu, tumeitoa vijana wanne kwa kamba. Babu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge. Kwa maelezo ya baba mdogo, aliinunua kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, miaka ya mwanzo ya Uhuru.

Baba mdogo anaapa ni Triumph, na kweli tangi limeandikwa hivyo kwa rangi nyeupe. Jamaa wa vyuma chakavu ameipima kwa macho tu akasema 180,000, anarudi Jumamosi na mkokoteni. Mama yeye anataka mbuzi wapate nafasi yao. Mimi ndiye niliyebaki na kigugumizi. Ni kitu gani hiki, na nifanyeje? Picha tatu hizo hapo.

Plagi Moto
Pole kwa msiba mkuu. Usiuze kwanza. Halafu hebu soma tena hilo tangi taratibu. T-R-I-U-M-F? Kiwanda kizima cha Coventry kishindwe kuandika jina lake?

Mwana wa Makorora
Nimecheka hadi bosi kageuka. Hiyo ni Enfield ya Wahindi, nyeusi moja kama hiyo ilikuwa mtaani kwetu. Ile modeli ya Bullet. Mpe mtu kwa laki mbili, funga mjadala.

Fundi Tukutuku
Makorora, umekosea. Baba mdogo naye kakosea, ila si kosa la ajabu. Wazee wetu kila pikipiki kubwa ya Kiingereza waliita Triumph, kama tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti.

Mleta mada, sahau tangi. Tangi linahama, linapakwa rangi, linaazimwa kwa jirani likawa halirudi. Anza na injini. Picha yako ya pili inaonyesha silinda moja iliyosimama wima, na juu yake hakuna kitu isipokuwa kifuniko bapa chenye mapezi na plagi. Hakuna mirija miwili inayopanda ubavuni kupeleka fito za valvu juu. Maana yake valvu zimesimama pembeni ya silinda, ule mtindo wa kizamani wenye nguvu ndogo na uvumilivu wa punda. Bullet valvu zake ziko juu, kwa hiyo imeshatoka. Tena Enfield walikuwa wakiweka oili ndani ya tumbo la injini yenyewe, wakati yako ina tangi la oili kulia, chini ya tandiko. Na Triumph inayoimbwa na watu, kuanzia Speed Twin ya Edward Turner ya 1937 hadi Bonneville ya 1959, ina silinda mbili bega kwa bega.

Sasa tazama mbele. Hakuna shokapu za bomba. Kuna fito za chuma na springi moja nene katikati, chini ya taa. Nyuma hakuna springi kabisa, gurudumu limefungwa kwenye chasisi moja kwa moja na kiuno cha dereva kinategemea springi za tandiko. Silinda moja kubwa, valvu pembeni, uma wa fito: kwa huku kwetu mimi ninaona majina mawili tu, BSA M20 au Norton 16H. Zote mbili Jeshi la Uingereza lilizinunua kwa makumi ya maelfu wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Nenda ubavu wa kushoto wa injini, chini kabisa ya silinda, pale inapokalia. Kuna namba imegongwa kwenye chuma. Tumia dizeli na mswaki mzee. NARUDIA: si msasa, si burashi ya waya, na grainda usiisogeze hata karibu. Herufi zile hazina kina, ukizisugua umefuta cheti cha kuzaliwa. Zikikusumbua kusoma, paka chaki, ufute kwa kidole.

Dereva Wa Bajaji
Isiwe BSA Bantam? Nasikia ndiyo zilikuwa nyingi.

Fundi Tukutuku
Bantam ni kadogo, cc 125 ilipoanza 1948, kanakunywa petroli iliyochanganywa na oili na mtu mmoja anakabeba. Tena damu yake ni ya Kijerumani: ni mchoro wa DKW RT125 ambao Waingereza waliuchukua kama fidia ya vita. Huyu wa Muheza amehitaji vijana wanne.

Bi Spana
Kaka, nina maswali mawili. Kwanza, pale rangi nyekundu ilipobanduka kwenye tangi, chini yake kuna rangi gani? Angalia kama kuna herufi C na tarakimu zimepakwa kwa mkono. Pili, mipini ya usukani ni mpira au ni kitambaa?

Mjukuu wa Karani
Wakuu, nimerudi, mikono inanuka dizeli na mavi ya mbuzi.

Namba ipo. Inaanza WM20, halafu tarakimu tano. Nilipaka chaki na ikatokea kama picha ya zamani ikioshwa.

Dada Spana, chini ya nyekundu kuna kijani, chini ya kijani kuna rangi kama ya mchanga. Ubavuni nimeona C4 kisha pamekwanguka. Na mipini ni turubai! Nilikuwa nadhani babu aliifunga mwenyewe baada ya mpira kuisha. Hata vyuma vya kukanyagia havina mpira.

Halafu usukani una vijiti vingi kuliko nilivyozoea. Klachi naijua, breki naijua, hivi vingine ni vya nini?

Bi Spana
Alhamdulillahi, ni BSA M20 hiyo. Babu hakuifunga turubai. Mwaka 1942 Wajapani walipoiteka Malaya, Waingereza walipoteza mashamba ya mpira, hivyo pikipiki za jeshi zikaanza kutoka kiwandani na mipini ya turubai na vikanyagio vya chuma kitupu. Usiivue hiyo turubai kwa gharama yoyote, wenzetu Ulaya wanashonesha za kuigiza ili zifanane na yako. Na ile C ni mwanzo wa namba ya jeshi. Acha rangi ilivyo, usiruhusu fundi yeyote akupakie nyeusi ya kung'aa.

Mswahili wa Small Heath
Uzi huu umenikuta nyumbani hasa. Naishi Birmingham, mtaa uleule kilipokuwa kiwanda. BSA maana yake ni Birmingham Small Arms, walianza 1861 kama watengeneza bunduki, ndiyo maana nembo yao ni bunduki tatu zimeegemeana kama kuni za moto wa kambi. Novemba 1940 ndege za Wajerumani zilipiga kiwanda na wafanyakazi 53 wakafa ndani. Wakaendelea kutengeneza. M20 zilizotoka zilikuwa kama 126,000.

Kuna makumbusho ya pikipiki Solihull, hapa jirani, nimekwenda mara tatu. Watu wanajazana kwenye Vincent Black Shadow, ile yenye saa ya mwendo kubwa kama sahani ya chai, na kweli ni nzuri mpaka unasahau kupumua. Norton za chasisi ya Featherbed nazo zimenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Lakini mimi husimama mbele ya M20. Sura yake ni ya mtu wa kazi. Haina kitu kimewekwa kwa ajili ya kupendeza, na bado inapendeza.

Mwana wa Makorora
Nakubali kushindwa. Ila BSA si bado wanatengeneza? Nimeona Gold Star mpya mtandaoni.

Plagi Moto
Jina tu. Kampuni ya zamani ilikufa miaka ya 70. Mwaka 2016 Classic Legends, walio chini ya Mahindra wa India, walinunua jina. Turudi Muheza.

Fundi Tukutuku
WM20 ni mkataba wa jeshi wa wakati wa vita. Za baada ya vita huanza na X, Y au Z. Ukitaka uhakika wa tano kwa tano, siku ukifungua kichwa pima tundu la silinda: BSA ni milimita 82, Norton 79. Tafuta pia namba ya chasisi huko mbele karibu na shingo ya usukani, uiandike. Mara nyingi hazifanani na ya injini, kwa sababu karakana za jeshi zilibadilishana injini kama vijana wanavyobadilishana viatu. Haiharibu kitu.

Vijiti vya usukani: kimoja ni cha hewa ya kabureta. Kimoja kinanyanyua valvu ya moshi ili kiki iwe nyepesi. Cha tatu kinasogeza muda wa cheche, mbele au nyuma, na hiki kiheshimu. Kabla ya kupiga kiki unarudisha cheche nyuma. Ukisahau, injini inarudisha kiki juu kwa nguvu ya nyumbu na kifundo cha mguu kinakwenda nayo.

Mjukuu wa Karani
Subiri kwanza. Babu alichechemea mguu wa kulia maisha yake yote ninayoyajua mimi. Kiki iko kulia.

Fundi Tukutuku
Basi muulize baba mdogo.

Mtu wa Hesabu
Samahani kwa kuharibu hadithi. Hisia hazilipi ada. Pikipiki haina kadi ya usajili, ina mbuzi. Wazungu wanalipa paundi elfu kadhaa kwa inayotembea, si kwa gofu. Kama mama ana shida ya hela, 180,000 ni hela.

Bi Spana
Mtu wa Hesabu ana haki nusu. Mama akiwa na shida, iuzwe. Lakini iuzwe kwa jina lake, si kwa kilo. Sasa hivi mnajua jina. Vipuri vya M20 vinapatikana Uingereza hadi leo kwa sababu zilitengenezwa nyingi mno, kwa hiyo hata gofu lina mnunuzi. Ya kadi, anzeni kuuliza TRA, mamlaka ya mapato, mapema pamoja na karatasi za mirathi, msingoje mnunuzi afike.

Fundi Tukutuku
Na usipige kiki leo! Toa plagi, mimina dizeli na oili kidogo kwenye tundu, acha wiki nzima. Kisha weka gia ya juu, sukuma gurudumu la nyuma kwa mkono, taratibu, mbele na nyuma. Betri usiitafute, cheche inatoka kwenye magneto, kidude kinachozalisha umeme wake chenyewe injini ikizunguka. Petroli yoyote itaifaa, kubana kwake ni kama 5 kwa 1 tu.

Kubwa kuliko yote: mzuie fundi wa bodaboda. Nati zake si za milimita, ni za vipimo vya Kiingereza, Whitworth na ndugu zake. Spana ya milimita itaingia kwa kulegea, itateleza, na nati itakuwa duara.

Mjukuu wa Karani
Marejesho, wakuu. Jumamosi mkokoteni ulikuja ukaondoka mtupu. Mama ametoa masharti: mbuzi warudi kwao leo hii, pikipiki ihamie barazani.

Baba mdogo amekiri. Tangi aliandika yeye, akiwa na miaka kumi na sita, kwa rangi iliyobaki ya ubao wa duka, kuna binti alikuwa anamtafuta. Nikamuuliza kuhusu mguu wa babu. Akacheka, akasema, "Wewe nani kakwambia?" Akakataa kuendelea.

Wiki ya dizeli imeisha jana. Gurudumu lilikataa, likakataa, kisha likasogea upana wa kidole na kwenye tundu la plagi tukasikia injini inashusha pumzi. Spana nimezipata: kuna mzee huku alikuwa fundi wa Landrover za zamani, ana sanduku zima, zimeandikwa W na sehemu za inchi. Haziazimishi. Amesema ataleta mwenyewe Jumapili, na niandae chai.