Mrejesho: Uthibitisho wa pembetatu mbili ambazo pande zake tatu zinalingana jozi kwa jozi

Nawashukuru mlionijibu nilipouliza jinsi ya kuthibitisha, kwa kuhamisha, kuzungusha na kuakisi tu, kwamba pembetatu ABC na DEF zenye AB = DE, BC = EF na AC = DF zinalingana kikamilifu. Uthibitisho umekamilika. Nilihamisha A hadi D, kisha nikazungusha mpaka B ikaangukia E, jambo linalowezekana kwa kuwa AB na DE zina urefu mmoja. Kazi yenyewe ilikuwa kwenye C, ambayo sasa naiita C′: ikiwa iko ng'ambo ya mstari DE, upande usio wa F, basi D iko umbali sawa kutoka C′ na F, na E vilevile, hivyo mstari DE hukata kipande C′F katikati kwa pembe mraba, na kuakisi kwenye DE huipeleka C′ hasa kwenye F. C′ na F zikiwa upande mmoja, C′ huakisiwa kwanza kwenye DE ili iwe ng'ambo, na hoja ni ileile. Ushauri wa kupima kwa protrakta (kifaa cha kupimia pembe) ulinifaa kukagua mchoro, ingawa kipimo si uthibitisho. Kesi ya pande mbili na pembe iliyo kati yake, ambayo Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, aliithibitisha kwa kuweka pembetatu moja juu ya nyingine, nitaijaribu kwa njia hiihii.