Enable 2018 au Calandagan 2025: vuli ya nani ilipangwa vizuri zaidi?

Mwana_Ngong (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Kwenye kundi letu ubishi huu umegoma kuisha, nikaona niulete huku kwa wanaofuatilia farasi kwa makini.

Bingwa akimaliza kiangazi Ulaya, njia za vuli ni chache na tarehe zake zinabanana. Irish Champion Stakes pale Leopardstown, Ireland, inakimbiwa Septemba. Arc (Prix de l'Arc de Triomphe) ya Longchamp, Paris, ni Jumapili ya kwanza ya Oktoba. Wiki mbili hivi baadaye ni Champion Stakes ya Ascot, halafu Breeders' Cup kule Marekani mwanzoni mwa Novemba, na Japan Cup mwisho wa mwezi huohuo. Hakuna farasi wa kuzimaliza zote, kwa hiyo mkufunzi akichagua moja, nyingine ameshaipa kisogo.

Enable, jike, 2018, kwa mkufunzi John Gosden: aliumia goti akakosa kiangazi chote. Akarudi Kempton tarehe 8 Septemba kwenye September Stakes na kumwacha Crystal Ocean. Ikafuata Arc, kisha Breeders' Cup Turf pale Churchill Downs. Alishinda zote tatu, na kabla yake hakuna farasi aliyewahi kuchukua Arc na Breeders' Cup Turf mwaka mmoja.

Calandagan, 2025, kwa mkufunzi Francis-Henri Graffard: alishinda King George, mbio kubwa ya kiangazi pale Ascot, tarehe 26 Julai, kisha kimya. Agosti hakukimbia, Septemba hakukimbia. Akatokea Ascot tarehe 18 Oktoba akampiga Ombudsman kwenye Champion Stakes, akapanda ndege hadi Tokyo, akashinda Japan Cup tarehe 30 Novemba kwa dakika 2 na sekunde 20.3, muda uliovunja rekodi ya Almond Eye ya 2018.

Mimi kura yangu ni kwa Calandagan. Mpango wa Enable ulifaulu kwa sababu Enable alikuwa Enable. Wa Calandagan ulifaulu kwa sababu ulikuwa mpango. Nipingeni.

SaisiMstaafu

Mwanangu, nakupinga mapema kabla chai haijapoa.

Unasema Gosden alibahatika kuwa na jike mkali. Sawa, lakini angalia alimrudishia wapi. Farasi aliyekuwa na goti bovu humpeleki Leopardstown kugombana na madume wa daraja la kwanza, wala humpeleki York ambako Agosti ardhi inaweza kuwa ngumu. Kempton wanakimbia juu ya uwanja wa kutengenezwa, na mvua inyeshe au jua liwake, ule uwanja haubadiliki sana. Gosden alijua mwezi mzima kabla kwamba goti lile litakanyaga kitu gani. Washindani nao walikuwa wachache, ila Crystal Ocean alikuwepo, kwa hiyo haikuwa mbio ya kupunga upepo.

Kisha baada ya Kempton mambo yakaharibika kidogo. Gosden mwenyewe alieleza baada ya Arc kwamba jike alipata tatizo katikati na hakufika Longchamp akiwa kamili. Sisi tuliofanya kazi mabandani tunajua maana yake. Asubuhi unakuta nafaka imebaki kwenye hori, unaweka mkono kifuani unasikia joto, na mazoezi mawili ya mbio uliyoyahesabu yamepotea, hayarudi. Wiki ni nne tu. Mtu aliyemfikisha langoni na akashinda katika hali hiyo, wewe unasema hakuwa na mpango?

Bint_Mvita

Shikamoo mzee Saisi. Naona wote wawili mmeruka mizani.

Arc farasi wa miaka mitatu anabeba kilo 56.5 na wakubwa kilo 59.5, na majike wanapunguziwa kilo moja na nusu. Enable aliposhinda 2017 alikuwa na miaka mitatu, kilo 55. Mwaka 2018 ilikuwa kilo 58. Sea Of Class, jike wa miaka mitatu wa William Haggas, ndiye aliyekuwa na zile kilo 55 safari hii. Alipangiwa geti 15, mbali nje, wakati Enable yuko geti 6, na mpanda farasi wake James Doyle akamkalisha nyuma kabisa.

Mita mia mbili za mwisho nimezirudia mara nyingi. Dettori, mpanda Enable, ameshafungua mwanya, jike anaanza kulegea, na upande wa nje Sea Of Class anawapita farasi utadhani wamesimama. Kwenye mstari Enable alibaki mbele kwa shingo fupi tu. Wangebadilishana mageti, leo tungekuwa na uzi mwingine kabisa.

Ndiyo maana nasema Arc ni mahali pagumu kumpangia bingwa mkubwa. Mpinzani wa kuogopwa si yule uliyemkuta kiangazi na kumpiga. Ni mtoto wa miaka mitatu ambaye Julai hakuwa amekomaa, na Oktoba anakuja na kilo tatu pungufu. Enable akarudi 2019 na kilo 58 zilezile, amekwisha kumpiga jike Magical mara mbili na Crystal Ocean kwa shingo kwenye King George. Uwanja ukalowa, Ghaiyyath akaianzisha mbio kwa kasi, Enable akaenda mbele mapema, na Waldgeist akamfikia mwishoni.

Kijana_wa_Kariakoo

Samahani wakuu, mimi mgeni humu. Kama Arc ndiyo kubwa kuliko zote Ulaya, Calandagan kwa nini hakupelekwa? Waliogopa?

Mwana_Ngong

Karibu sana mkuu. Hawakuogopa, ila 2025 hakuwa na ruhusa. Calandagan amehasiwa, na Arc ilikuwa haipokei farasi aliyehasiwa. Wafaransa wanasema mbio ile ni ya kuchagua mbegu za kizazi kijacho, na wa hivyo hana mbegu ya kutoa. Ascot anaruhusiwa, Tokyo anaruhusiwa, Marekani anaruhusiwa.

Na hapo ndipo utamu wa mpango wa Graffard ulipo. Katika banda lilelile, kwa wenye mali walewale, Aga Khan Studs, alikuwepo Daryz, dume wa miaka mitatu. Tarehe 5 Oktoba Daryz akachukua Arc akimpita Minnie Hauk, jike wa Aidan O'Brien, kwenye hatua za mwisho. Wiki mbili baadaye Calandagan akachukua Ascot. Mickael Barzalona alikuwa juu ya wote wawili. Yaani katazo lile liliwaokoa na shida ya kumchagua nani aende Longchamp.

SaisiMstaafu

Umejijibu mwenyewe. Njia moja ilifungwa kwa kufuli, akapita iliyobaki. Huo ndio mpango?

Deira_Mizigo

Wakubwa kwa wadogo, niingie kidogo kwa upande wa safari maana mimi kazi yangu ni mizigo ya ndege hapa Dubai, na farasi tunawapokea kila mwaka kuelekea mbio za Meydan.

Watu wanafikiri farasi kusafirishwa ni kama kumpandisha lori la kwenda Mombasa. Anaingizwa kwenye boksi chini, boksi linainuliwa na mashine hadi mlangoni, linasukumwa ndani juu ya magurudumu ya sakafu. Shida kubwa si kelele. Shida ni kichwa. Farasi kwa kawaida huinamisha kichwa chini mara nyingi kwa siku, na makohozi yanatoka. Akifungwa kichwa juu kwa muda wa saa kumi na zaidi, uchafu unashuka mapafuni. Wanaofika wamepata homa ya safari, mbio zao zimekwisha kabla hazijaanza. Ndiyo maana saisi mzuri humlegezea kamba kila anapopata nafasi na kumpa maji hata kama hataki.

Sasa linganisheni. Enable alitoka Arc tarehe 7 Oktoba, Breeders' Cup ilikuwa 3 Novemba. Wiki nne zisizofika, na ndani yake kuna kupumzika, kuruka bahari, karantini na kuzoea uwanja. Calandagan alikuwa na wiki sita kutoka Ascot hadi Tokyo. Halafu zamani farasi wa nje wakifika Japani walikaa kwanza karantini Shiroi. Tangu 2022 kuna mabanda ya wageni palepale uwanja wa Tokyo, farasi anazoea njia atakayokimbilia. Sisemi hilo ndilo lililoshinda, lakini wa nje wa mwisho kushinda kabla yake alikuwa Alkaased, 2005. Miaka ishirini!

Mwana_Ngong

Asante Deira, umenifungulia mlango. Mzee Saisi anasema Graffard alipita njia iliyobaki. Sasa tazameni 2024. Graffard huyohuyo alikuwa na Goliath, naye amehasiwa, naye alishinda King George. Akampeleka Japan Cup kupitia mbio moja ya maandalizi huko Longchamp, Oktoba, ambayo Goliath aliishinda. Tokyo akawa wa sita, Do Deuce akashinda. Auguste Rodin wa O'Brien naye alikuwepo, akawa wa nane.

Mwaka mmoja baadaye akabadilisha ngazi ya kupandia. Badala ya maandalizi mepesi Paris, alimpitisha Calandagan kwenye mbio ngumu ya mita 2,000 hivi, dhidi ya Ombudsman aliyekuwa ameshinda Prince of Wales's na Juddmonte International mwaka huohuo. Japan Cup siku hizi haikimbiwi kama King George. Kasi inaanza mapema na haipungui. Farasi wa mita 2,400 asiye na mguu wa mita 2,000 anaachwa kwenye kona. Ascot ndiyo iliyomnolea makali, na kombe lake likawa la ziada.

Bint_Mvita

Hilo la mguu wa mita 2,000 nakubaliana nalo moja kwa moja. Calandagan tangu 2024 alikuwa wa pili kwa City Of Troy pale York, na wa pili kwa Anmaat kwenye Champion Stakes. Mwanzo wa 2025 watu walishaanza kumwita wa pili wa kudumu, maana Dubai nako akawa wa pili, na Coronation Cup ya Epsom hivyohivyo.

Ila wapinzani wa Tokyo msiwapite haraka. Masquerade Ball alikuwa na miaka mitatu, ametoka kushinda Tenno Sho ya vuli, na alibeba kilo 56 dhidi ya 58 za Calandagan. Croix du Nord alikuwa amekwenda Paris, akafanya vibaya kwenye Arc, akarudi nyumbani. Na Danon Decile ndiye aliyempiga Calandagan kwenye ile mbio ya Dubai, Sheema Classic, mwezi Aprili. Kwa hiyo ugonjwa wa Arc ninaoulalamikia, wa watoto kupewa kilo, hata Tokyo upo. Tofauti ni kilo mbili badala ya tatu, na uwanja mkavu usiomfanya mkubwa azame na uzito wake.

Deira_Mizigo

Ile ya Aprili niliiona kwa macho. Danon Decile alimpita Calandagan waziwazi, si kwa picha. Kisha Agosti Wajapani wakamrusha Danon Decile hadi York, akamaliza wa tano. Mwisho wa mwaka Tokyo wakakutana tena: Calandagan wa kwanza, Danon Decile wa tatu. Farasi mmoja alisafiri sana, mwingine Agosti alikuwa shambani Ufaransa anakula majani.

Mzalendo_wa_Turf

Wote mnazunguka. Vuli bora kabisa ni ya Sea The Stars, 2009. Mei hadi Oktoba, mbio moja ya daraja la kwanza kila mwezi: Guineas, Derby, Eclipse, York, Irish Champion, Arc. Sita kwa sita. Baada ya Arc, John Oxx na wenye farasi wakasema basi, hakwenda Marekani wala popote. Leo hii Daryz mnayemsifu ni mtoto wake.

Golden Horn 2015 alipita njia ileile ya Leopardstown na Arc akashinda zote, wakamwongezea Breeders' Cup pale Keeneland, Found akampita. Dancing Brave 1986 aliichukua Arc kwa mbio ambayo mpaka leo inaoneshwa, wakampeleka Santa Anita akawa wa nne. Mbio moja ya ziada ndiyo inayowapa watu la kusema.

SaisiMstaafu

Na Enable akaivunja hiyo historia mnayoisimulia. Hapo ndipo ninaposimama. Churchill Downs siku ile ardhi ya ndani ilikuwa imechoka, Dettori akamtoa nje kabisa kutafuta majani yenye afya. Magical akamfuata bega kwa bega, wa tatu akiwa mbali sana nyuma yao. Magical huyo alikuwa ameshinda Ascot wiki mbili tu kabla. Mwaka uliofuata, Enable alipokuwa na macho ya Arc, Magical huyohuyo akachukua Irish Champion na Champion Stakes zote mbili. Enable alipochukua njia moja, Magical aliyekuwa akipigwa naye alikwenda kuvuna nyingine.

Mwana_Ngong

Mzee, hoja hiyo ya Magical mbona inanisaidia mimi? Kama 2019 Gosden angemwacha Enable apite Leopardstown na Ascot kwenye mita 2,000, Magical angekuwa na makombe mangapi? Alikazana na Arc ya tatu, na jike ana miaka mitano anabeba kilo 58 kwenye matope.

SaisiMstaafu

Hakuna farasi aliyewahi kushinda Arc tatu, Mwanangu. Ungekuwa na Enable bandani, na yeye anakula vizuri, usingejaribu?

Bint_Mvita

Mimi ningejaribu. Lakini geti likitoka 15, ningemwondoa asubuhi yake nimpakie ya Ascot.